Shajara ya mradi: kutafuta dalili za kimbunga kinachoimarika ghafla

Mradi huu una swali moja. Kimbunga kikishajijenga baharini, je, mazingira yanayokizunguka yanaweza kutuambia saa 24 kabla kwamba kitaimarika ghafla? Ninaposema ghafla nafuata kigezo cha watafiti John Kaplan na Mark DeMaria cha mwaka 2003: kasi ya upepo kupanda kwa noti 30 au zaidi, yaani takriban kilomita 56 kwa saa, ndani ya siku moja.

Utabiri wa njia ya kimbunga umepiga hatua kubwa kwa miongo kadhaa, lakini utabiri wa nguvu zake umebaki nyuma. Oktoba 2023 kimbunga Otis kilianza siku kikiwa dhoruba ya kawaida katika Pasifiki, na kabla saa 24 hazijaisha kikaipiga Acapulco, Meksiko, kikiwa daraja la 5, la juu kabisa. Watu walikuwa wamejiandaa kwa kitu kingine kabisa. Ndiyo maana naona swali hili linastahili muda wa yeyote mwenye kompyuta na intaneti, na ndiyo maana naandika kila hatua ili mwingine aweze kuifuata, kuikosoa au kuianza upya kwenye bahari nyingine. Eneo langu ni Bahari ya Hindi Kusini-Magharibi, kuanzia pwani ya Afrika hadi longitudo 100 mashariki.

13 Januari 2025: Kumbukumbu za njia

Msingi wa kazi ni IBTrACS, hifadhi ya njia za vimbunga vya dunia nzima inayotolewa bure na NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga. Kila mstari una saa, mahali, kasi ya upepo na mgandamizo wa hewa. Kupakua ni rahisi. Kulisoma faili bila kuharibu kitu ndiko kunakotaka uangalifu.

La kwanza: mstari wa pili wa faili si data, ni majina ya vipimo vya kila safuwima. Usipouruka, safuwima nzima za namba husomwa kama maandishi.

La pili lilichukua muda mrefu zaidi kugundulika. Nilitaka Atlantiki ya Kaskazini pia, kwa kuwa kigezo cha Kaplan na DeMaria kilitokana na vimbunga vya huko, lakini bonde zima (ndivyo linavyoitwa eneo la bahari linalozaa vimbunga) likawa halionekani kwenye jedwali. Kifupi chake ni NA, na pandas, maktaba ya Python ya kusoma majedwali, huzichukulia herufi hizo mbili kuwa alama ya nafasi isiyo na thamani. Dawa yake ni kuizuia tabia hiyo kwa keep_default_na=False na kuiambia kwamba kinachohesabika kuwa pengo ni nafasi tupu peke yake.

La tatu ni msimu. Kusini mwa ikweta msimu huanza Julai, hivyo kimbunga Chido cha Desemba 2024 kimo katika msimu wa 2025. Ukigawa kwa mwaka wa kalenda unakata msimu mmoja vipande viwili. Mwisho, nukta nyingi za kila saa 3 zimekadiriwa kutoka nukta jirani. Nimebakiza saa 0, 6, 12 na 18 za UTC.

27 Januari: Upepo wa nani?

Jedwali hili lina safuwima nyingi za upepo, na hazisemi kitu kimoja. Ofisi ya hali ya hewa ya kisiwa cha La Réunion, ambayo ndiyo yenye dhamana rasmi ya bonde hili, hutoa wastani wa dakika 10. Wamarekani hutoa wastani wa dakika 1, na namba zao kwa kawaida huwa juu zaidi kwa kimbunga kilekile. Kizidishi cha zamani cha kuhamisha kutoka dakika 1 kwenda dakika 10 ni 0.88, na mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani wa mwaka 2010 unapendekeza 0.93 kwa baharini. Kwa hiyo noti 30 za dakika 1 ni 26 kwa kipimo kimoja na 28 kwa kingine.

Tatizo kubwa zaidi lilijitokeza kwa Freddy cha 2023. Kilipewa jina kaskazini-magharibi mwa Australia, kikavuka bahari nzima hadi Msumbiji, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba kiliishi siku 36. Kilipovuka longitudo 90 mashariki, dhamana ilihama kutoka Australia kwenda La Réunion. Safuwima rasmi ya upepo inaunganisha makadirio ya ofisi mbili, na tofauti ya saa 24 inayopita juu ya mpaka huo inaweza kuonyesha badiliko ambalo kimbunga chenyewe hakikulifanya.

Nimeamua kutumia safuwima ya Marekani kwa kazi yote: ofisi moja pande zote mbili za mpaka, na kipimo kilekile kilichozaa kigezo. Ya La Réunion nimeiweka kwa ajili ya kuhakiki.

Nimeanza na msimu wa 1999. Mwaka 1998 setilaiti ya Meteosat-5 ilihamishiwa juu ya Bahari ya Hindi, longitudo 63 mashariki. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya bonde ilitazamwa kwa pembe mbaya, na ukichora grafu ya miaka 50 utapata ongezeko ambalo sehemu yake ni ya macho yetu tu. Pia nimeondoa kila kipande cha saa 24 ambamo kimbunga kiligusa nchi kavu. Kwa bonde lenye Madagaska katikati, hilo lilipunguza sampuli nyingi.

10 Februari: Upepo wa chini na wa juu

Mazingira nayachukua ERA5, data ya hali ya hewa iliyochambuliwa upya na kituo cha Ulaya, yenye nukta kila robo ya digrii. Kwa eneo langu (latitudo 0 hadi 40 kusini, longitudo 30 hadi 100 mashariki) hizo ni nukta 45,241. Upepo wa ngazi mbili kila baada ya saa 6 unafika takriban gigabaiti 1 kwa mwaka kabla ya kubanwa. Maombi ya mwaka mzima yalikaa foleni muda mrefu, ya mwezi mmojammoja yalipita haraka zaidi.

Kipande cha kwanza nilichokata kilitoka kitupu, bila onyo lolote. ERA5 hupanga latitudo kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo kuomba -40 hadi 0 hakuleti kitu. Omba 0 hadi -40.

Kinachotafutwa hapa ni tofauti kati ya upepo wa ngazi yenye mgandamizo wa hektopaskali 850, kilomita moja na nusu hivi juu ya bahari, na ule wa hektopaskali 200, kilomita 12 hivi. Tofauti kubwa huinamisha kimbunga na kuingiza hewa kavu katikati yake. Hesabu ya kwanza ilitoa kasi ya chini kutoka kasi ya juu, na hilo ni kosa la msingi. Chukua upepo wa chini unaotoka mashariki kwa mita 10 kwa sekunde na wa juu unaotoka magharibi kwa mita 10. Kwa kutoa kasi, jibu ni sifuri, mazingira bora kabisa. Ukweli ni kwamba tofauti ni mita 20, na vimbunga vingi havivumilii hapo. Toa kwanza sehemu za mashariki-magharibi na za kaskazini-kusini, kila moja peke yake, ndipo utafute ukubwa.

Baada ya hapo bado namba zilikuwa kubwa mno karibu na vimbunga vikali. Sababu ni kwamba wastani ulijumuisha upepo wa kimbunga chenyewe, nacho hukaa mahali tofauti kidogo ndani ya ERA5 na kwenye kumbukumbu za njia. Suluhisho ni la SHIPS, mfumo wa DeMaria na Kaplan wa kutabiri nguvu za vimbunga: wastani wa pete iliyo kati ya kilomita 200 na 800 kutoka katikati. Nilipohamia kwenye pete, Kenneth cha Aprili 2019 kilianza kuonekana kama simulizi zake zinavyosema, dhoruba iliyopita kaskazini mwa Komoro ikiwa na upepo mdogo wa juu wa kuisumbua, ikaingia Cabo Delgado tarehe 25 ikiwa kali.

3 Machi: Kujijenga

Sikukusudia kukaa kwenye kujijenga kwa vimbunga, lakini ni vigumu kuzungumzia nguvu bila kupita hapa. Masharti ya William Gray ya mwaka 1968 na yaliyofuata bado ndiyo msingi: bahari yenye joto, kwa kawaida nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi na si ya juujuu tu. Unyevu katikati ya anga. Tofauti ndogo ya upepo. Mzunguko wa hewa uliokwisha kuanza. Na umbali wa kutosha kutoka ikweta ili nguvu ya Koriolisi, inayopindisha upepo kwa sababu ya dunia kujizungusha, ifanye kazi. Nyuzi 5 za latitudo ndizo hutajwa kama mpaka, ingawa Vamei cha Desemba 2001 kilijijenga karibu na Singapore kwenye nyuzi 1.5 kaskazini, kwa msaada wa msukumo mkali wa pepo za kaskazini-mashariki.

Kichujio changu cha mzunguko kilitafuta maeneo yenye namba chanya, na orodha iliyotoka ilikuwa ya maeneo tulivu yenye anga safi. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kwa mwendo wa saa, na mzunguko huo una alama hasi. Kichujio kilikuwa kinaokota kinyume cha vimbunga. Zidisha kwa alama ya nguvu ya Koriolisi ya mahali husika, na msimbo uleule utafaa pande zote mbili za dunia.

Nilichora pia faharasa ya Kerry Emanuel na David Nolan ya mwaka 2004 inayounganisha mzunguko, unyevu, nguvu ya juu kabisa inayowezekana na tofauti ya upepo. Ramani inafuata msimu vizuri, Novemba hadi Aprili, lakini haisemi ni kundi lipi la mawingu litakaloinuka wiki hii. Duniani hujijenga vimbunga na dhoruba za kitropiki kama 80 hadi 90 kila mwaka, namba ambayo haiyumbi sana, na hakuna nadharia iliyokubalika inayoeleza kwa nini iwe hiyo na si 20 au 300. Naliona hilo kuwa moja ya maswali mazuri kuliko yote katika sayansi ya anga.

24 Machi: Dari ya nguvu

Kila kimbunga kina dari. Emanuel alionyesha mwaka 1986 kwamba kimbunga kinaweza kutazamwa kama injini ya joto: kinachukua joto kwenye uso wa bahari, takriban Kelvini 300, na kulitoa juu kabisa penye Kelvini 200 hivi. Kadiri tofauti hiyo ilivyo kubwa, na kadiri bahari inavyoweza kuipa hewa mvuke zaidi, dari inapanda. Nilitaka umbali kati ya upepo wa sasa na dari uwe mojawapo ya dalili.

Gharama ilinishtua. Ngazi zote 37 za joto na unyevu kwa nukta zilezile kila saa 6 ni karibu gigabaiti 20 kwa mwaka, zaidi ya 500 kwa kipindi chote. Dari haibadiliki haraka, hivyo nilishuka hadi nukta moja kwa kila digrii na wastani wa siku. Mwaka mzima sasa ni gigabaiti 0.3.

Kisha pyPI, msimbo wa Python unaokokotoa dari hiyo, ukatoa ramani ya mapengo matupu, na penye namba, namba zisizowezekana. Makosa yalikuwa yamepandana. pyPI inataka joto kwa Selsiasi, ERA5 inatoa Kelvini. Inataka gramu za mvuke kwa kila kilo ya hewa kavu, ERA5 inatoa kilo za mvuke kwa kilo ya hewa yenye mvuke ndani yake. Inataka mgandamizo kwa hektopaskali, ilhali mgandamizo wa usawa wa bahari unakuja kwa paskali. Na inataka ngazi zianzie chini kwenda juu, wakati faili langu la ERA5 lilizipanga kutoka juu. Kila moja ukiirekebisha peke yake, ramani inabaki mbovu na unadhani umekosea. Rekebisha zote nne kwa pamoja, halafu jaribu nukta moja ya bahari ya joto kabla ya kuendesha miaka yote.

14 Aprili: Bahari iliyopoa

Joto la uso wa bahari nililichukua kwenye OISST, data ya NOAA ya kila siku. Matokeo ya kwanza yalikuwa ya kushangaza: vimbunga vikali vilionekana kuwa juu ya maji baridi kuliko vilivyo dhaifu.

Maji hayo yamepozwa na kimbunga chenyewe. Upepo hukoroga bahari na kuinua maji baridi ya chini, na kama James Price alivyoeleza mwaka 1981, sehemu kubwa ya kupoa huko inatokana na mkorogo huu kuliko mvuke unaoondoka. Uso unaweza kushuka kwa nyuzi 1 hadi 6. Kusini mwa ikweta upande unaopoa zaidi ni kushoto mwa njia, na kimbunga kinachosuasua hujiharibia zaidi. Kwa hiyo nikitumia joto la siku yenyewe ninapima matokeo na kuyaita sababu. Sasa nasoma joto la siku 3 kabla ya kimbunga kufika mahali pale.

Bado haitoshi kwa bonde hili. Kati ya latitudo 5 na 10 kusini, kutoka Shelisheli kuelekea Chagos, maji baridi yako karibu sana na uso. Setilaiti inaona nyuzi 29, lakini tabaka la joto ni jembamba, na kimbunga kikianza kukoroga, joto linaisha. Leipper na Volgenau walipendekeza tangu 1972 kupima akiba yote ya joto iliyo juu ya kina ambacho maji yana nyuzi 26. Nimeongeza kina hicho kama dalili, na kati ya mabadiliko yote ya mradi hili ndilo lililosaidia zaidi kupunguza tahadhari za uongo katika ukanda ule.

12 Mei: Modeli ya kwanza

Modeli ni rahisi kwa makusudi: regresheni ya logistiki inayotoa uwezekano wa kuimarika ghafla. Usahihi wake ulikuwa mkubwa mno kuaminika, na haukustahili kuaminika.

Sababu moja ni kipimo. Tukio hili ni nadra. Kigezo chenyewe kiliwekwa penye asilimia 5 ya juu ya mabadiliko ya Atlantiki. Modeli inayojibu "hapana" kila siku itakuwa sahihi takriban mara 95 kati ya 100, na haitamwokoa mtu yeyote. Nimeacha kuhesabu usahihi. Sasa natumia alama ya Brier, inayopima uwezekano uliotabiriwa ulivyo mbali na kilichotokea, ikilinganishwa na wastani wa kihistoria pamoja na badiliko la saa 12 zilizopita. Modeli isiyoupita mlinganisho huo haina kazi.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi. Sampuli ziligawanywa kwa kuchanganya nukta zote, kwa hiyo Freddy wa saa 6 alikuwa kwenye mafunzo na Freddy wa saa 12 kwenye mtihani. Nukta hizo mbili karibu ni moja. Nilipogawa kwa misimu mizima, sehemu kubwa ya ubora ilitoweka. Kilichobaki ni kidogo lakini ni cha kweli: tofauti ya upepo, umbali hadi kwenye dari, akiba ya joto na badiliko la karibuni, zote nne zikishikamana, zinaushinda mlinganisho.

9 Juni: Idai, na kelele ndani ya namba

Nilichukua vimbunga ambavyo modeli ilivikosea zaidi na kuvitazama kimojakimoja. Idai cha Machi 2019 kimenifundisha zaidi kuliko vyote. Kilikuwa katika Mlango wa Msumbiji juu ya maji ya joto, na modeli ikatoa uwezekano mkubwa. Badala ya kuimarika kikadhoofika, kisha kikajirudia kabla ya kuipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15. Kilichotokea ni kubadilishwa kwa ukuta wa jicho: ukuta wa pili hujijenga nje ya ule wa kwanza, unauzuia usipate hewa yenye mvuke, wa ndani unakufa, na jicho linakuwa pana. Hugh Willoughby na wenzake waliueleza mzunguko huu mwaka 1982. Hakuna dalili yangu hata moja inayoweza kuuona, kwa sababu hakuna inayopima umbo la ndani la kimbunga, na tukio liko ndani ya kilomita 100.

Kuna jambo lingine linalonisumbua. Upepo wa kumbukumbu hizi kwa sehemu kubwa haukupimwa. Ndege za uchunguzi hazirushwi hapa kwa utaratibu kama Atlantiki. Namba hutokana hasa na mbinu ya Vernon Dvorak ya kusoma umbo la mawingu kwenye picha za setilaiti, kisha hukadiriwa hadi kwenye noti 5 zilizo karibu. Kimbunga kilichopanda noti 25 na kile kilichopanda 30 huenda ni kilekile. Niliongeza kelele za noti 5 kwenye kila namba na kuhesabu upya: lebo za matukio yaliyo karibu na mpaka zilibadilika ovyo, za matukio makubwa hazikutikisika. Tangu hapo naripoti matokeo kwa vizingiti 25, 30 na 35 kwa pamoja. Dalili inayofanya kazi kwenye 30 peke yake siiamini.

30 Juni: Ilipofikia

Msimbo wa hatua zote unaendeshwa kwa mpangilio wa shajara hii, na diski ya gigabaiti 100 inatosha. Data yote ni ya bure. Kinachoteketea ni muda wa foleni na wa kuhakiki vipimo.

Sitaongeza dalili nyingine za mazingira. Zinaonyesha kama kimbunga kina nafasi ya kuimarika, lakini saa yenyewe inaamuliwa ndani, na huko ndiko ninakoelekea. Nimeanza kupakua TC PRIMED, mkusanyiko wa picha za mawimbi ya mikro zilizopangwa kwa kila kimbunga. Mawimbi ya gigahezi 89 hupenya utando wa mawingu ya juu na kuonyesha barafu ya mawingu ya radi kwenye ukuta wa jicho, na kwayo kuta mbili zinaweza kutenganishwa. Kikwazo nimeshakiona: setilaiti hizi hupita kwa vipindi, na pengo kati ya picha mbili linaweza kuwa la saa nyingi. Kazi ya Julai ni kuhesabu pengo hilo kwa kila kimbunga cha orodha, nikianza na Idai na Kenneth, ili nijue ni sampuli ngapi zina picha ndani ya saa 6 kabla ya kuimarika. Zikiwa chache mno, hatua hii itabidi ifanywe kwa mabonde yote ya dunia kwa pamoja, na hapo kichujio chenye alama ya Koriolisi kitahitajika tena.